Mwanamke aliyeitwa Juba na tembo wa Paris

Vitabu vya historia ya upigaji picha vinamwita Dovima, jina moja tu lisilo na ubini. Alipozaliwa New York, Desemba 1927, aliandikishwa kwa jina refu zaidi: Dorothy Virginia Margaret Juba. Baba yake alikuwa polisi wa jiji hilo mwenye asili ya Poland, mama yake alikuwa na asili ya Ireland, na hilo Juba la ukoo wao halina undugu wowote na mji wetu huu wa ukingoni mwa Nile Nyeupe. Ni sadfa. Lakini ndiyo iliyonifanya niirudie picha yake maarufu na kuichunguza upya, na kadiri nilivyoichunguza ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba watu wa Juba wana neno la kusema juu yake.

Picha yenyewe ilipigwa Agosti 1955 katika jumba la sarakasi la Cirque d'Hiver, jijini Paris. Mpigapicha alikuwa Richard Avedon, Mmarekani wa miaka 32, ametumwa na jarida la Harper's Bazaar kuonyesha mavazi mapya ya majira ya vuli. Mwanamke mrefu, mwembamba, amesimama katikati ya tembo. Kidevu kimeinuliwa. Mikono imenyooshwa huku na huku, imewagusa wanyama wa pande zote mbili, kana kwamba anawatuliza wote kwa pamoja. Gauni lake ni jeusi, refu, limembana mwilini, na kiunoni limefungwa ukanda mpana mweupe unaoteremka mpaka chini. Sakafuni nyasi kavu zimetawanyika. Ukizidi kushusha macho, kwenye miguu ya tembo, unakuta minyororo.

Wengi wanaoisifu picha hii hawaitaji minyororo. Mimi naona hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu minyororo inaeleza namna ndoto hii ilivyotengenezwa. Avedon angeweza kuificha. Angeweza kuikata picha magotini, au kumwambia fundi wa chumba cha giza aififishe. Aliiacha. Kila kitu kilichomo kilikuwepo kweli siku ile chini ya paa lile: wanyama wazito waliochoka, nyasi walizokuwa wakizila, chuma kilichowazuia wasiondoke, na katikati yao gauni la thamani kubwa lililoshonwa kwa mkono.

Enzi hizo picha za mavazi zenye sura ya ndoto hazikuwa jambo geni. Tangu miaka ya 1920 kundi la wasanii wa Paris lilikuwa limejipa kazi ya kutoa mambo ya usingizini na kuyaweka mchana kweupe, na washonaji wakawafuata. Mwaka 1937 Elsa Schiaparelli alishirikiana na mchoraji Salvador Dalí kutengeneza gauni jeupe lenye kambamti mkubwa mwekundu aliyechorwa mapajani. Mwaka 1948 mpigapicha Philippe Halsman alimpiga picha Dalí huyohuyo akiwa hewani pamoja na paka watatu na ndoo ya maji iliyomwagwa. Vitu vingine vilining'inizwa kwa nyaya, wasaidizi wakarusha paka na maji kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, na kazi ikarudiwa mara 28 mpaka ikakubali. Januari 1950 jarida la Vogue lilitoka na jalada la Erwin Blumenfeld ambalo uso wa mwanamke umefutwa wote, ukabaki jicho, midomo na kidoti. Hao walipata ajabu yao kwa nyaya, mkasi na dawa za chumba cha giza.

Avedon hakutumia hata kimoja kati ya hivyo. Alisimulia baadaye kwamba alipoingia kwenye jumba la sarakasi aliwakuta tembo chini ya dari kubwa la kioo, mwanga wa jua ukiwashukia kutoka juu, na papo hapo akajua kwamba picha ya ndoto iko mbele yake. Kilichobaki kilikuwa kutafuta gauni linalofaa. Nasisitiza mpangilio huo: kwanza mwanga, kisha tembo, gauni likafuata. Kwa mtu aliyelipwa kuuza magauni, huo ni ujasiri.

Gauni lilitoka kwa Christian Dior, na hapa kisa kinaingia Afrika kwa mlango wa nyuma. Aliyelibuni hakuwa Dior mwenyewe, bali kijana aliyepokelewa kwenye nyumba hiyo wiki chache tu kabla, Juni 1955. Alikuwa ametimiza miaka 19 mwezi uleule wa Agosti. Aliitwa Yves Saint Laurent, na alizaliwa na kukulia Oran, mji wa bandari wa Algeria. Hilo linahesabiwa kuwa gauni lake la kwanza la jioni kutoka kwa Dior. Alichagua mahameli nyeusi kwa mwili na satini nyeupe kwa ukanda, na ukitaka kujua kwa nini picha inashika jicho, zifikirie tabia za vitambaa hivyo viwili mbele ya kamera isiyojua rangi. Mahameli humeza mwanga: mwili wa Dovima unakuwa mstari mmoja mweusi usio na mikunjo. Satini huurudisha wote: ukanda unawaka kuliko kitu chochote kingine pale. Kati ya weusi ule na weupe ule ndipo ilipo ngozi ya tembo, kijivu cha kila daraja, imejaa makunyanzi na vumbi. Kitambaa laini kabisa kikasimamishwa kando ya ngozi mbaya kabisa, na kila kimoja kikakifanya kingine kionekane zaidi.

Na sasa mwanamke mwenyewe. Akiwa na miaka kumi, Dorothy Juba alipatwa na homa ya baridi yabisi, akalazwa nyumbani, na kwa takriban miaka saba hakwenda shule kama watoto wenzake. Alisoma kitandani. Alichora sana, na michoro yake aliitia sahihi kwa kuunganisha herufi mbilimbili za majina yake matatu, Do-Vi-Ma. Mwaka 1949 mhariri wa Vogue alimwona mjini New York, nje ya mgahawa wa kujihudumia, akamchukua wakamjaribu. Siku iliyofuata alikuwa mbele ya kamera ya Irving Penn, mmoja wa wapigapicha wakubwa wa karne ya 20. Penn alimwambia atabasamu. Akatabasamu bila kufungua mdomo, kwa kuwa jino lake la mbele lilikuwa limevunjika utotoni alipokuwa akicheza na nguo za mama yake. Tabasamu hilo la mdomo uliofungwa likawa alama yake. Katikati ya miaka ya 1950 alikuwa analipwa dola 60 kwa saa, wakati wenzake wengi walilipwa chini ya nusu ya hizo, na magazeti yakamwita msichana wa dola moja kwa dakika.

Nimeeleza ugonjwa wake kwa sababu naona unahusika. Mtu aliyelala kitandani miaka saba anajua kutulia. Kusimama wima ndani ya gauni la kubana, kwa viatu virefu, juu ya nyasi zinazoteleza, mikono ikiwa juu ya wanyama wenye uzito wa tani kadhaa, huku uso ukionyesha utulivu wa mtu aliye peke yake chumbani, ni kazi ya misuli na pumzi. Tunaposema mwanamitindo "anapiga pozi tu", tunaidharau kazi hiyo.

Jarida lilichapisha picha mbili za siku hiyo katika toleo la Septemba 1955. Katika ya pili Dovima amevaa gauni jeupe, na negativu yake ilipotea baadaye. Ile ya gauni jeusi ikabaki kuwa ndiyo picha. Avedon hakuacha kuilaumu. Ukanda ulimkera: aliona ulipaswa kupepea upande wa kushoto, ufuate mstari wa mguu wa tembo, ili umbo la picha likamilike, na hakuelewa kwa nini siku ile hakuupeperusha. Nimeitazama sana na nakiri kwamba ameniharibia: sasa nami nauona ukanda unaning'inia pale ulipopaswa kuruka. Lakini sidhani picha ingekuwa bora. Ukanda ulioshuka wima una uzito, na uzito ndio unaoifanya ndoto hii isadikike.

Mwaka 1951, miaka minne kabla ya tembo, Avedon alikuwa amempeleka Dovima Misri kumpiga picha mbele ya piramidi. Inasimuliwa kwamba aliporudi New York aliulizwa Afrika ilikuwaje, akajibu kwa mshangao kwamba hakwenda Afrika, alikwenda Misri. Alipoelezwa kuwa Misri iko Afrika alisema angejua mapema angedai malipo mara mbili. Wamarekani wamekuwa wakikisimulia kisa hiki miaka yote ili kucheka ujinga wa mwanamitindo aliyesafiri na sanduku la vitabu vya katuni. Sikichukulii hivyo. Msichana aliyesomea kitandani hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la tasnia iliyomzunguka, iliyotumia Afrika kama pazia la nyuma bila kuona haja ya kumwambia mtu pazia hilo ni nchi ya nani. Hata tembo wa Paris, ukitazama masikio yao madogo na vichwa vyao vya mabonde, ni wa Asia. Tembo walimpa mtazamaji hisia ya bara letu, na hiyo ikatosha.

Harper's Bazaar lenyewe lilikuwa na historia na sehemu hizi. Septemba 1937 lilichapisha picha za Man Ray za kofia kutoka Kongo, kofia za rafia, shanga na kauri zilizokuwa zikionyeshwa Paris wakati huo. Kati ya waliozivaa alikuwamo Adrienne Fidelin, mcheza ngoma kutoka Guadeloupe, na wanahistoria wanamtaja kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuonekana kama mwanamitindo katika jarida kubwa la mitindo la Marekani. Baada yake ukimya ulidumu miaka mingi. Avedon alipojaribu kuuvunja, kwa kumchapisha Donyale Luna katika jarida hilohilo Aprili 1965, watangazaji wa majimbo ya kusini mwa Marekani waliondoa matangazo yao na wasomaji wakarudisha majarida. Muda mfupi baadaye Avedon alihamia Vogue.

Narudi Agosti 1955, kwa sababu mwezi huo hatuusahau huku. Siku ya tarehe 18, huko Torit, mashariki mwa Juba, askari wa Kikosi cha Ikweta walikataa amri ya kuhamishiwa kaskazini. Risasi zikalia, uasi ukaenea miji mingine ya mkoa wa Ikweta, na wanajeshi wa Khartoum wakaletwa kwa ndege mpaka uwanja wa Juba. Tume ya uchunguzi iliorodhesha vifo vya watu 336: 261 wa kaskazini na 75 wa kusini. Miezi minne na nusu baadaye, Januari 1, 1956, Sudan ikawa huru, na vita vilivyopandwa siku ile vikaendelea kuota, vikitulia na kuanza tena, mpaka tukapata taifa letu Julai 9, 2011. Sisemi kwamba kuna uzi kati ya Cirque d'Hiver na Torit. Nasema tu kwamba wasomaji waliofungua toleo la Septemba na kumwona Juba wa New York kati ya tembo wake wangeweza, siku zilezile, kulikuta jina la Juba kwenye kurasa za habari za magazeti yao.

Hata tembo wetu wana kumbukumbu yao hapa. Ng'ambo ya mto kuna Gondokoro, ambako wafanyabiashara wa karne ya 19 walikusanya pembe za ndovu na watu waliotekwa kabla ya kuwapakia majahazini kuelekea Khartoum. Upande huu wa mto ulikuwa sehemu ya eneo la Lado, alilopangishwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipokufa Desemba 1909 na eneo likaachwa bila mwenyewe kwa miezi kadhaa, wawindaji walivuka kutoka Uganda na kuua tembo bila kibali cha mtu. Pembe zilikwenda kuwa funguo za piano na mipira ya biliadi kwa ajili ya watu walewale ambao watoto wao wangekuja kununua magauni ya Dior. Vita vyetu vikamalizia. Watafiti waliopita angani mwaka 2007, vita vya pili vilipokuwa vimesimama, walikadiria kwamba walibaki tembo kama 8,000, katika nchi iliyokuwa na makumi ya maelfu. Tangu hapo tumepigana tena.

Na mavazi? Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo, maana wengi hudhani kwamba mitindo ni kitu kilichotufikia kwa ndege. Msafiri Mwingereza Samuel Baker alipopita kwa Walotuko, watu wa Torit hiyohiyo, katika miaka ya 1860, aliandika kwa mshangao kuhusu kofia zao za kivita. Zilitengenezwa kwa nywele za mvaaji mwenyewe, zikasokotwa kwa uzi wa magome mpaka zikawa ngumu, kisha zikanakshiwa kwa shanga na bamba za shaba. Alisema kuikamilisha moja kulichukua miaka minane hadi kumi. Hakuna nyumba ya Paris iliyowahi kumpa fundi wake muda huo. Wadinka nao walikuwa na koseti za shanga zilizobana kiwiliwili cha kijana, mgongoni zikiwa na ncha iliyochomoza juu, na rangi zake zikimwambia kila mtu rika la mvaaji. Wapigapicha wa Ulaya walifika, George Rodger miongoni mwao mwishoni mwa miaka ya 1940, wakapiga picha nyingi na nzuri. Karibu hakuna hata mmoja wa waliopigwa aliyeandikwa jina chini ya picha. Linganisha na Dovima, ambaye jina lake ndilo jina la picha.

Januari 1997, nyumba ya Dior ilipotimiza miaka 50, mbunifu wake mpya John Galliano alipandisha jukwaani koseti na mikufu ya shanga aliyoichukua kwa Wamasai na Wadinka. Mwezi Novemba mwaka huohuo, jarida la Elle la Marekani lilitoka na jalada lenye uso wa Alek Wek, Mdinka aliyezaliwa Wau mwaka 1977, akavikimbia vita mpaka Khartoum kisha London, na kuonekana na wakala katika soko la Crystal Palace mwaka 1995. Sitaki kuupunguza uzito wa jalada lile. Wasichana wetu warefu, weusi tii, wenye nywele fupi, waliokuwa wakiambiwa hata Khartoum kwamba weusi wao ni aibu, waliona uso wa kwao kwenye kibanda cha magazeti cha mji wa kigeni, na jina limeandikwa.

Baada yake mlango haukufungwa tena. Adut Akech, aliyezaliwa Siku ya Krismasi 1999 na kulelewa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kabla ya familia kuhamia Adelaide, alianza kazi kubwa jukwaani Paris mwaka 2016. Alianzia katika nyumba ya Saint Laurent, ile iliyoanzishwa na kijana wa Oran. Mwishoni mwa mwaka 2019 alitangazwa mwanamitindo bora wa mwaka huko London. Anok Yai, aliyezaliwa Cairo kwa wazazi kutoka kwetu, alifungua onyesho la Prada mwaka 2018, mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivyo tangu Naomi Campbell mwaka 1997.

Lakini kwa anayefuatilia ukoo wa picha ya tembo, kazi muhimu ni kalenda ya Pirelli ya mwaka 2018. Mpigapicha wake ni Tim Walker, Mwingereza ambaye ujanani alikuwa msaidizi wa Richard Avedon New York. Walker alichagua kisa cha Alice katika nchi ya ajabu, akajenga seti kubwa zilizopotosha vipimo vya vitu, mtu akawa mkubwa kuliko nyumba, na waigizaji wake wote walikuwa weusi. Lupita Nyong'o alikuwa panya wa usingizi. Adut Akech alikuwa malkia wa kisu wa karata. Na Alice mwenyewe, yule msichana wa Kiingereza ambaye kila mchoraji amemchora na nywele za dhahabu, alikuwa Duckie Thot, aliyezaliwa Melbourne kwa wazazi wa Sudan Kusini. Mwanafunzi wa Avedon alimtafuta mtu wa kusimama katikati ya ndoto, akamchukua binti wa watu wetu. Naiona hiyo kuwa habari kubwa, na nashangaa haikuandikwa vya kutosha katika magazeti ya huku.

Nayaandika haya katika mji ambao kunyanyua kamera barabarani ni jambo la kufikiria mara mbili. Daraja, mto penye daraja, uwanja wa ndege, majengo ya serikali, magari ya wanajeshi: vyote ni marufuku, na hata sokoni Konyo Konyo unaweza kuulizwa kibali kabla hujafungua kifuniko cha lenzi. Vijana wengi wenye kipaji wanajifungia kwenye kumbi za harusi. Huko wanafanya kazi nzuri mno. Jioni ya harusi, bibi harusi anapobadilisha nguo mara nne, na mashangazi wakiwa wamefunga vitambaa vya lawo vya rangi moja begani, utawaona vijana hawa wakimsogeza mtu nusu hatua ili taa ya jenereta isimpige usoni, wakimkunjulia shela, wakimngoja avute pumzi. Ni kazi ileile ya Cirque d'Hiver. Mwaka 2012 Akuja de Garang alianzisha hapa Juba tamasha la mitindo na sanaa kwa ajili ya amani, na kwa muda wabunifu na wapigapicha wakapata jukwaa la pamoja. Desemba 2013 vita vilizuka mjini humuhumu.

Avedon alihitaji mwanga wa bure, mahali palipokubali kumfungulia, na watu waliokuwa tayari kutulia. Mwanga tunao, na mwanga wa Juba saa kumi na moja jioni, vumbi likiwa angani, hauhitaji dari la kioo. Watu tunao kiasi cha kuwagawia Paris na Milano. Kinachokosekana ni hicho cha katikati, mahali palipofunguliwa, na hicho kinaweza kutolewa kwa sahihi ya ofisa mmoja: orodha fupi ya maeneo ya mji ambako mpigapicha na mwanamitindo wanaweza kufanya kazi mchana bila kuogopa kunyang'anywa kamera.

Lipo pia suala la fedha, na Dovima ndiye anayelifungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliacha kazi. Fedha zake zilikuwa zimesimamiwa na mume, na hazikumbakia. Aliishia Florida karibu na wazazi wake, akifanya kazi ya kuwakaribisha wateja kwenye mgahawa wa piza, na akafa kwa saratani Mei 1990, akiwa na miaka 62. Novemba 2010, mjini Paris, nakala moja kubwa ya picha yake na tembo ilipigwa mnada kwa euro 841,000. Mnunuzi alikuwa nyumba ya Dior.

Oktoba 2023 gazeti la Uingereza la Sunday Times liliandika habari za vijana wa Kakuma, wengi wao wa kutoka kwetu, waliochukuliwa na mawakala wa mitindo kupelekwa Ulaya. Wapo waliofanya kazi wiki chache kisha wakarudishwa kambini wakiwa na deni la maelfu ya euro. Mfumo wenyewe ni rahisi kuueleza. Wakala analipa tiketi, viza, chumba na picha za mwanzo. Kila senti inaandikwa kuwa mkopo, si gharama ya wakala. Ukipata kazi nyingi, deni linakatwa humo. Usipopata, deni linabaki kwa jina lako, na unarudi nalo kwenye hema la mama yako. Wengine walisema hawakuwa wameelewa kwamba wanakopa.

Serikali ya Juba ina ubalozi Nairobi, na Kakuma haiko mbali na mpaka wetu. Mkataba wa namna hiyo unaweza kusomwa kwa sauti, kwa Kidinka, Kinuer, Kiarabu cha Juba au Kiswahili, mbele ya wakili asiyelipwa na wakala, kipengele kwa kipengele, na kipengele cha mkopo kikiwa cha kwanza, kabla tiketi haijakatwa.